Tulikuwa tunasema "hasikii"

Kwa zaidi ya miaka 20 haikupita siku nyumbani kwetu Kitangiri, Mwanza, bila mtu kusema, "Mabula hasikii." Mama alisema akiwa na karai la dagaa kichwani na mtoto kakaa katikati ya njia. Baba, Mungu amrehemu, alisema huku anavua mkanda. Mwalimu mmoja aliandika kwenye daftari kwa wino mwekundu: "Mtoto hasikii, mzazi afike shuleni." Na mimi dada yake nimelisema neno hilo kuliko wote, maana mimi ndiye niliyekuwa nabaki naye Mama anapodamka saa kumi alfajiri kuwahi mitumbwi kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba.

Kwa Kiswahili chetu mtoto asiyesikia ni mkaidi, na mtoto msikivu ni yule anayetumwa mara moja akaenda. Tumekuzwa na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", na hakuna mtu anayeitamka methali hiyo akifikiria sikio. Basi miaka yote ile tulikuwa tunalitaja tatizo la mtoto kwa jina lake kamili, kila siku, na bado tukampiga kwa ajili yake.

Mabula ni kitinda mimba wetu. Ana miaka 26. Alizaliwa usiku wa mvua kubwa, na sisi Wasukuma mtoto wa namna hiyo jina lake ni hilo. Ana Dauni sindromu. Hilo jina Down ni la daktari wa Uingereza, John Langdon Down, aliyeieleza hali hii mwaka 1866. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake kule Ufaransa walionyesha inatokana na nini: mtu anazaliwa na kromosomu, zile nyuzi ndogo mwilini zinazobeba urithi, 47 badala ya 46. Nayaandika haya kwa sababu mtaani kwetu bado wapo wanaosema Mama alilogwa, au alikula kitu alichokatazwa akiwa mjamzito. Wengine kila mtoto wa aina hii wanasema ana mtindio wa ubongo, ambao ni jambo jingine kabisa. Na yako majina mengine wanayomwita, ambayo siyaandiki hapa. Nitayarudia mbele kidogo, maana yaliingia kwenye habari hii kwa njia ambayo sikuitegemea.

Mabula anafanya kazi. Watu wakisikia ulemavu wa akili wanadhani mtu anakaa tu kivulini. Yeye anaanika dagaa. Anawatandaza kwenye chanja, anawageuza jua likipanda, anafukuza kunguru, na mvua ikianza kunukia upande wa ziwani anakuwa wa kwanza kukimbilia turubai. Anawajua wateja wa Mama wote kwa sura. Ila alikuwa na tabia moja iliyotutia aibu sana: ukizungumza naye anakushika kidevu, anaugeuza uso wako umtazame. Alimfanyia hivyo paroko. Alimfanyia hivyo mama mkwe wangu siku ya kwanza alipokuja kwetu, mbele ya wazee, na nikamchapa mkono. Tulijua ni utundu. Kumbe alikuwa anatafuta midomo yetu.

Nilikuja kujua gizani. Ilikuwa Februari 2024, umeme umekatika kama saa mbili usiku, nami nilikuwa nakata kitambaa cha sare za kwaya. Mimi ni fundi cherehani. Nikamwita: "Mabula, niletee mshumaa." Kimya. Alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka nilipo, kwenye stuli, nasikia pumzi yake. "Mabula!" Kimya. Nikapaza sauti kwa hasira, hakugeuka. Nikawasha tochi ya simu nitafute mkasi usije ukanikata, mwanga ukanipiga usoni, na nikiwa bado nanung'unika, "Mshumaa, Mabula," safari hii kwa sauti ya kawaida kabisa, akainuka akaenda kuuleta.

Nilizima tochi. Nikasema kwa sauti ileile: "Leta na kiberiti." Hakuinuka. Nikawasha, nikarudia, akaenda.

Nilikaa chini sakafuni. Nilikumbuka kwamba siku zote tulikuwa tunasema umeme ukikatika Mabula anazidi ukaidi. Tulikuwa tumeligundua hilo kitambo sana, tukalichukulia kama tabia yake, kama vile mtu mwingine anavyokuwa mkali akiwa na njaa.

Nilipomweleza Mama asubuhi, hakushangaa kama nilivyotegemea. Alinyamaza, akaendelea kuchambua dagaa, halafu akaniambia jambo ambalo alikuwa hajawahi kutuambia. Mabula alipokuwa na miaka sita sikio lake la kushoto lilikuwa linatoa usaha. Akampeleka kwenye kituo kimoja cha afya. Mhudumu alimtazama mtoto usoni, sikioni hakumwangalia kabisa. Akasema, "Mama, watoto hawa ndivyo walivyo. Huyu hata akisikia, ataelewa nini?" Akaandikiwa dawa ya matone, akarudi nyumbani kwa miguu, hakurudi tena. "Niliona aibu," aliniambia. "Nikadhani nimemsumbua."

Sitataja kituo hicho, na yule mhudumu huenda alishastaafu. Lakini sentensi ile ilimgharimu mdogo wangu miaka 18, na nimeisikia kwa maneno mengine kwa watu wengi tangu hapo, wakiwemo ndugu zetu wenyewe. Ulemavu mmoja ukishaonekana, kila kitu kingine kinatupiwa humo. Mtoto hazungumzi vizuri? Ni akili. Anapiga kelele? Ni akili. Haitiki akiitwa? Akili. Wakati kwa watu wenye Dauni sindromu sikio ndilo lingepaswa kuangaliwa mapema kuliko la mtu mwingine yeyote, kwa kuwa zaidi ya nusu yao wana upungufu fulani wa kusikia. Tundu la sikio lao huwa jembamba, kwa hiyo nta inaziba upesi. Ule mrija mdogo unaounganisha sikio na koo haufanyi kazi sawasawa, maji yanatuama nyuma ya ngoma ya sikio. Na wakishakuwa watu wazima usikivu wao huanza kuchakaa mapema, miaka mingi kabla ya wenzao, kama wa wazee. Haya niliyajua nikiwa na miaka 38. Ningependa mama mwingine ayajue mtoto wake akiwa bado ananyonya.

Tulienda kliniki ya masikio, pua na koo. Safari ya kwanza hapakupimwa chochote. Daktari aliweka kimulimuli, kile kijitochi cha kutazamia ndani, sikioni akasema haoni ngoma, pamejaa nta ngumu kama lami. Tukapewa matone ya kulainisha, turudi baada ya siku tano. Tukarudi, ikatoka nusu. Mara ya tatu ikatoka yote, na Mabula alilia, nikalia naye. Daktari aliniuliza huwa tunamsafisha kwa nini. Nikasema unyoya wa kuku, kama tulivyosafishwa sisi wote. Akaniambia taratibu, bila kunigombeza: "Dada, mnaisukuma ndani. Kwa tundu jembamba kama hili ni kama kushindilia risasi kwenye gobore."

Nilitamani nta ndiyo iwe shida yote. Haikuwa.

Kwa kipimo chenyewe nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa. Unaambiwa mtu avae hedifoni, akisikia mlio ainue mkono. Mabula alizivua akazitupa. Mtaalamu wa vipimo, kijana mpole sana, akasema tusimlazimishe, twende tukafanye mazoezi nyumbani. Akanifundisha mchezo. Unachukua ndoo na visoda. Unagonga kitu, kila mlio ukisikika unatumbukiza kisoda kimoja kwenye ndoo. Kwanza anakuona, kisha unageuka, kisha unagonga kwa sauti ndogo zaidi. Hedifoni nivae mimi kwanza, halafu mtoto wangu, halafu Mabula. Tulicheza hivyo kila jioni kwa wiki mbili, mimi, yeye na wanangu, na visoda tuliokota baa ya jirani. Yeye alifurahia kishindo cha kisoda kwenye ndoo, akawa anaishika ndoo kwa mapaja aisikie ikitetemeka. Tuliporudi kliniki tulibeba ndoo yetu ileile ya bluu, maana ya kwao angeikataa.

Alikaa dakika 25 na akamaliza. Kijana yule alikuwa na subira ya mvuvi wa ndoana. Akanichorea karatasi: kutoka juu kushoto hadi chini kulia, mistari miwili inayoshuka kama njia ya kutoka kilimani kwetu kwenda barabarani. Sikio la kulia linaanza kusikia kwenye desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, 50 na kidogo, la kushoto 60. Nikamuuliza hiyo maana yake nini kwa mtu wa kawaida. Akasema watu wawili wakikaa karibu wakazungumza, sauti yao hufika kama desibeli 60. Maana yake mazungumzo ya nyumbani kwetu kwa Mabula yalikuwa yanafika mlangoni yanagonga, hayaingii. Na mstari ule unashuka zaidi upande wa sauti nyembamba, ambako ndiko zinakaa sauti kama ya s na f. Hizo kwake zilikuwa hazipo kabisa.

Nikamwambia, "Lakini yeye anasema amaki." Akauliza, "Anasemaje?" Nikasema samaki anaita amaki. Sato ni ato. Sangara ni angara. Tangu mdogo. Tulijua ni ulimi, kwa kuwa watoto wenye hali hii misuli ya mdomo inalegea. Akasema ulimi unachangia kweli, asinidanganye, lakini mtu hawezi kuitamka sauti ambayo haijawahi kumfikia. Nilitoka pale nikapanda daladala, nikapitiliza kituo changu nikashtukia Pasiansi.

Mashine ya sikio, ile inayokuza sauti ili mtu asikie, ni ghali, na siwezi kulipamba hilo. Kitaalamu wengine wanaiita shimesikio, sisi nyumbani tunasema mashine. Bima yetu haikugharamia. Moja ilikuwa laki sita na nusu, na mtaalamu alishauri mbili, kwa sababu masikio mawili ndiyo yanayomwambia mtu sauti inatokea upande gani. Tulinunua moja. Laki mbili ilitoka kwenye kikoba changu, laki moja na nusu Mama alikopa kwa mzigo wa dagaa, na iliyobaki mjomba wetu wa Magu aliuza mtamba. Alisema maneno ambayo namheshimu kwayo hadi leo: "Ng'ombe tumewatoa kwa mahari za wote. Huyu hajaoa, huyu ndiye fungu lake."

Kabla ya mashine kuna kile kizibo cha mpira kinachoingia sikioni, na lazima kifinyangwe kwa sikio la mtu mwenyewe. Wanaweka kwanza sponji ndogo yenye uzi ndani, kisha wanapuliza uji mzito kwa bomba kama la sindano lisilo na ncha, unaganda dakika chache, wanautoa ukiwa na umbo kamili la sikio. Mabula alikubali kwa sababu kijana yule alimfinyangia kwanza kidole. Vizibo vinaweza kuwa na rangi. Akaulizwa anataka ipi, akaonyesha nyekundu, yeye ni Simba damu. Ilichukua wiki tatu kurudi kutoka Dar es Salaam.

Kuna video nyingi kwenye simu za mtu anawashiwa mashine, anafungua macho, anacheka, mama yake analia. Sisi haikuwa hivyo. Mabula alishika sikio kwa mikono miwili, akakunja uso, akasema, "Toa." Fikiria umekaa miaka 25 kwenye chumba chenye pazia zito halafu mtu anafungua dirisha linalotazama stendi ya mabasi. Kiti kikiburutwa anaruka. Bati likigongwa anashika kichwa. Siku ya pili nilifanya kosa kubwa: nilimwacha aende nayo Mwaloni. Makuli wanapiga kelele, mikokoteni, boti zinawasha mashine, madalali wanaita bei, spika za wauza dawa za panya. Saa mbili asubuhi Mama akanipigia: mashine haipo sikioni.

Laki sita na nusu. Nilifunga kibanda nikakimbia.

Mabula alikuwa ameinama karibu na magunia, analia, hataki kuguswa. Hakuweza kutuambia ameitupa wapi. Palikuwa na chungu ya dagaa juu ya turubai, inafika kiunoni, wanaingizwa kwenye viroba. Tulianza kupekua kwa mikono, mimi, Mama, kina mama wanne wanaouza naye. Ndipo mama mmoja akasema, "Hebu nyamazeni. Nini hicho kinacholia?" Tukanyamaza. Ndani kabisa ya dagaa kulikuwa na mluzi mwembamba, kama wa mbu mkubwa. Mashine ikiwa imewashwa halafu ikafunikwa, sauti inayotoka inarudi kuingia kwenye maikrofoni yake, inapiga mluzi. Kliniki waliniambia mluzi ni dalili kwamba kizibo hakijakaa vizuri. Siku ile ndio uliotuonyesha ilipo. Mama alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko akaitoa, imejaa magamba. Akaifuta kwa kanga yake, akaishika kiganjani kama mtu aliyeshika kifaranga.

Baada ya hapo nilimwomba Mama aniachie mimi. Mtaalamu alitaka avae mchana kutwa, nami namheshimu, lakini hakumjua Mabula kama ninavyomjua. Tulianza na dakika kumi jioni, kwenye kibanda changu, wateja wakishaondoka. Hakuna redio. Mimi nashona tu, yeye kakaa kwenye stuli yake. Zikawa 15. Zikawa nusu saa. Siku ya tano au ya sita akanigusa bega akaonyesha chini: "Inalia." Nikauliza nini. Akaonyesha kanyagio la cherehani. Lilikuwa linakwaruza, kweli, linakwaruza tangu enzi, mimi sikuwa nalisikia tena kwa mazoea. Nikatia mafuta likanyamaza. Mabula akainama, akalisogelea, akalitazama kwa muda mrefu, akaniuliza imekwenda wapi. Nilijuta kutia mafuta.

Ikawa anaitaka mwenyewe. Mimi nilimshonea utepe mwembamba wa kitambaa cha jinzi, upande mmoja unashika mashine, mwingine una kibanio kwenye kola ya shati, ili ikichomoka ining'inie isianguke. Nimewashonea watu watatu wengine tangu hapo na siwatozi.

Mambo ya kila siku nayasema harakaharaka kwa anayehitaji. Betri yake ni namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya machungwa, ndogo kama kifungo cha kola. Inafanya kazi kwa hewa: ukibandua kibandiko subiri kama dakika moja ndipo uiweke, na ukishabandua imeanza kutumika hata ukikirudisha. Kwa Mabula moja inamaliza wiki na siku chache. Hapa Mwanza hazipatikani kila duka, mimi naagiza Dar zinakuja na basi. Zifungie mbali na watoto na mbali na mtu yeyote anayeweza kuiweka mdomoni, na akiimeza ni hospitali saa hiyohiyo, usingoje kesho. Zipo mashine zenye mlango wa betri usiofunguka kirahisi, ulizia hizo mapema. Kizibo kinaoshwa kwa maji na sabuni kikiwa kimechomolewa, mashine yenyewe haiguswi na maji kamwe. Jasho na unyevu wa ziwa vinaua mashine, kwa hiyo usiku inalala kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya, vikishiba unyevu nabadilisha. Na kila miezi mitatu anaangaliwa nta, maana nta ikiziba tundu la kizibo utadhani mashine imekufa. Kwa ambao tundu ni jembamba mno au sikio halikauki usaha, uliza kuhusu mashine zinazopitisha sauti kwenye mfupa, zinavaliwa kwa mkanda kichwani bila kizibo.

Sasa yale majina.

Kuna kijiwe cha bodaboda chini ya kilima chetu. Mabula amepita pale kila siku ya maisha yake akiwapungia mkono, nao wanampungia. Alikuwa anawapenda. Mwezi wa nne hivi tangu aanze mashine alirudi nyumbani jioni, akakaa, hakula. Nikamuuliza. Alikaa kimya, halafu akalitamka neno moja, vizuri kabisa, kwa sauti yao, na kicheko chao nyuma yake. Akasema, "Mimi?"

Walikuwa wanamwita hivyo miaka yote, akishawapa mgongo.

Hakuna mtu aliyenitayarisha kwa hilo. Nilikuwa nimehesabu betri, nta, fedha, yote, sikuhesabu kwamba nikimfungulia sikio na hayo yataingia. Usiku ule niliwaza kama nimemfanyia wema au nimemvunjia amani yake. Asubuhi nilishuka kijiweni. Nilidhani nitatukana, nikajikuta nawaeleza tu: ile nyekundu sikioni mwake ni mashine, anawasikia, jana amelala njaa. Wawili walitazama chini. Mmoja, mkubwa wao, jioni alikuja hadi mlangoni kwetu, akamsalimia Mabula kwa jina, akamwomba radhi, tena akimtazama usoni. Wapo wengine ambao hawakubadilika, nao Mabula hawapungii tena mkono. Hilo amelichagua mwenyewe. Kabla ya hapo hakuwa na namna ya kuchagua.

Hajapona kitu, asije mtu akadhani namaanisha hivyo. Fedha bado inamchanganya, barabara ya Makongoro bado havuki peke yake. Mwaloni asubuhi haivai, tulikubaliana hivyo, anaiacha kwenye kopo na kuivaa akirudi. Lakini hajanishika kidevu tangu Desemba. Hapigi kelele akizungumza. Kanisani anaimba kiitikio wakati wenzake wanapoimba kiitikio. Zamani alikuwa anaanza walipomaliza, tukimziba mdomo. Na nusu ya hasira zake, zile ambazo tuliziita za ulemavu, zimekwenda.

Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya mwaka 2021 lilisema watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu wa kusikia. Siku ya Usikivu Duniani ni tarehe 3 Machi. Siku ya Dauni sindromu ni tarehe 21 Machi, mwezi huohuo. Mimi ningeomba mwezi huo kwenye vitengo maalumu vya shule zetu, Ilemela na Nyamagana na kule Ukerewe na Sengerema, kila mtoto aangaliwe sikio. Kumulika ndani kwa kile kimulimuli ni kazi ya dakika chache. Na mzazi ukiambiwa "ndivyo walivyo", usirudi nyumbani kama Mama alivyorudi. Kaa pale pale. Omba uandikiwe kwenda kliniki ya masikio. Mjaribu mwenyewe gizani ukipenda, kama ilivyonitokea mimi, halafu nenda ukawaambie ulichokiona.

Jumapili iliyopita nilinunua sato wawili. Wanangu walikuwa nje, Mama amelala, Mabula yuko sebuleni amenipa mgongo anatazama mpira. Sikumwita. Niliweka sufuria, mafuta yakapata moto, nikamtumbukiza samaki wa kwanza.

Nikasikia stuli inasogezwa. Akaja akasimama mlangoni, kichwa kakiinamisha upande wa lile sikio jekundu, anatazama sufuria.

"Ssss," akasema.

Nikamwambia, "Ndiyo. Ni sato."

Akasogea karibu, akaegemea ukuta, akasikiliza mpaka nilipomgeuza.